Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayetaka Kusamehe Kodi ya Bakshishi Holili

Mheshimiwa, shukia Himo. Mwache dereva aendelee na gari la serikali mpaka Moshi, wewe panda Noah ya Holili na ulipe nauli yako mwenyewe. Ukifika pale mpakani mwa Tanzania na Kenya na msafara utaonyeshwa jengo la forodha, utapewa chai, utasomewa taarifa ya makusanyo, na jua litazama hujamwona hata mmoja wa wale uliowafuata. Wao huanza kazi wakati wageni rasmi wanaondoka.

Nakuandikia mapema kwa sababu najua hoja hii itakufikia na utaipenda. Ilianzia Las Vegas. Juni 2024 Donald Trump, akiwa kwenye kampeni katika mji ule wa hoteli na kamari, aliahidi kwamba bakshishi haitakatwa kodi. Tarehe 4 Julai 2025 akasaini sheria: kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, anayepokea bakshishi anaweza kuiondoa kwenye kipato kinachokatwa kodi ya mapato, mwisho dola 25,000 kwa mwaka. Ni maneno matamu kwa mwanasiasa yeyote, na mkoa wa Kilimanjaro una maelfu ya watu wanaokula kwa bakshishi. Ukiipeleka hoja Dodoma utapigiwa makofi. Kisha atasimama mtu, mara nyingi huku akicheka, akuulize: na wale dada poa wa mpakani nao watasamehewa? Usicheke naye. Hilo ndilo swali bora utakaloulizwa siku hiyo, na huwezi kulijibu ukiwa ukumbini.

Kwa hiyo anza kwa kukaa. Chagua baa iliyo karibu na maegesho ya malori, agiza kinywaji, tafuta kiti kinachotazama barabara, simu weka mfukoni. Barabara hii inatoka Mombasa, inapita Voi na Taveta, inavuka hapa na kuendelea Himo, Moshi na Arusha. Kituo cha forodha cha pamoja kilizinduliwa mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili wakahudumia msafiri mahali pamoja, ili lori lisikae. Hilo ni jema kwa mwenye mzigo. Lakini lori lisilokaa halilazi dereva, na dereva asiyelala hapa hamhitaji mama wa supu, wala mwenye gesti, wala dada anayemngoja kaunta. Sera ya mpakani huingia kwenye pochi ya mwanamke huyu kabla hajaisikia redioni.

Kisha tazama mikono. Dereva ameshuka na noti za Kenya kwa sababu ametokea huko. Kabla usiku haujaisha zitapitia kwa kijana wa kubadilisha fedha, naye atabaki na chake. Bei inakubaliwa kwa maneno machache, na hutolewa mwanzo. Dada mzoefu hakubali kupokea mwishoni, kwa sababu aliyewahi kusubiri mwishoni anajua alichoambulia. Asubuhi, lori likiwa tayari linanguruma, dereva anachomoa noti nyingine, anaikunja mara nne, anamtia kiganjani: "Shika, ya supu." Dada anaificha kifuani bila kuikunjua, maana kuihesabu mbele ya aliyeitoa ni kumwambia haitoshi. Ile noti iliyokunjwa ndiyo hoja yako nzima, Mheshimiwa. Ya usiku ilikuwa bei. Ya asubuhi ni bakshishi.

Ingekuwa kazi nyepesi kama mambo yangeishia hapo. Dada wengi wana dereva wa kudumu, yule anayepita kila baada ya wiki mbili na ambaye siku hizi hapatani bei na mtu. Anaacha kodi ya chumba. Anajaza mtungi wa gesi. Januari anatuma hela ya sare za mtoto akiwa njiani, mbali kabisa na Kilimanjaro. Hakuna kilichodaiwa wala kilichopatanwa. Kanuni walizoandaa Marekani zinasema bakshishi ni ile inayotolewa kwa hiari, bila mapatano, na kiasi akiamue mtoaji mwenyewe. Kwa kipimo hicho fedha yote ya dereva wa kudumu ni bakshishi, tangu mtungi mpaka sare, na dada mwenye wateja watatu wa namna hiyo hana mauzo yoyote ya kutaja. Anaishi kwa bakshishi tupu. Ofisa wa kodi atakayeagizwa kutenganisha bei na hisani ndani ya gesti itabidi akae ndani ya chumba hicho. Usitunge sheria itakayompeleka mtumishi wa umma huko.

Siku ya pili panda Marangu. Simama getini mchana, wakati wageni wanateremka kutoka kileleni na mavumbi yao, na umtafute mgumu, yaani mpagazi wa mlimani. Amebeba mzigo ambao kikomo chake cha hifadhi ni kilo 20, amelala kwenye baridi, na sasa anasubiri bahasha. Majina yanasomwa, dola zinagawanywa. Hakuna ofisa wa Mamlaka ya Mapato aliyesimama getini kuzihesabu. Bahasha ile imesamehewa na mazoea, kwa kuwa hakuna anayeifuata. Jioni dola hizo zinabadilishwa Moshi mjini. Nyingi zinakwenda kwenye mchele, ada na mabati, na nyingine zinakaa kwenye meza ya baa mpaka zinapomfikia dada mwingine, mwenzake na yule uliyemwacha Holili. Fedha ile ile imekuwa bakshishi mara mbili na haijakatwa kodi ya mapato hata mara moja.

Hapo pumzika, ujiulize swali ambalo ningependa ulibebe mpaka bungeni. Watu wawili wamepokea fedha ile ile, wote hawajaitolea kodi. Wanatofautiana nini? Mgumu akidhulumiwa bahasha anaweza kwenda kwa chama chake, kwa mwenye kampuni, hata kituo cha polisi, na akasema jina lake na kazi yake kwa sauti. Dada akidhulumiwa, akipigwa au akiporwa simu, hana mlango wa kugonga bila kujishtaki mwenyewe. Msamaha wa kodi unaotaka kumletea tayari anao. Asichonacho ni haki ya kuulinda.

Sasa uisome ile sheria ya Marekani mpaka mwisho, kwa maana wengi waliokusimulia waliishia kwenye kichwa cha habari. Septemba 2025 Wizara ya Fedha ya huko ilitoa rasimu ya kanuni pamoja na orodha ya kazi karibu 70 zinazohesabiwa kuwa za bakshishi: wahudumu wa baa, vinyozi, wacheza dansi, wachezeshaji kamari, hata wanaotengeneza maudhui ya mitandaoni. Halafu rasimu hiyo hiyo ikaweka wazi kwamba fedha inayotokana na ukahaba au ponografia haimo. Kumbuka kwamba katika baadhi ya wilaya za jimbo la Nevada danguro lina leseni na mwanamke anapimwa afya yake kwa utaratibu wa sheria. Mwanamke huyo analipa kodi ya mapato kama mwalimu, na bakshishi yake inaachwa nje. Mwenzake anayecheza dansi kwenye jukwaa la Las Vegas yumo. Wanaweza kuwa dada wa mama mmoja, wamepewa noti na mteja mmoja, wiki moja. Msamaha ule unauliza kwanza wewe ni nani, ndipo uulize umepata nini. Ukiunakili kama ulivyo, ndicho utakachokileta Holili.

Na hata walioingizwa kwenye orodha hawashibi wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya theluthi ya wanaoishi kwa bakshishi Marekani walikuwa na kipato kidogo kiasi kwamba hawakudaiwa kodi ya mapato ya serikali kuu hata kabla ya msamaha. Huwezi kumsamehe mtu deni asilokuwa nalo. Hapa kwetu mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, na unaofuata mpaka 520,000 hukatwa asilimia 8 ya kile kinachozidi. Muulize mhudumu wa baa uliyokaa jana anapokea kiasi gani. Kisha umwambie una mpango wa kumsamehe kodi ya chenji anazoachiwa, umtazame usoni atakavyokuonea huruma.

Hatua inayofuata inahitaji karatasi na kalamu. Rudi baa, uandike kila kodi ambayo dada yule ameilipa au imelipwa kwa ajili ya kuwapo kwake pale. Bia iliyo mezani ilitoka kiwandani na ushuru wa bidhaa, na juu yake VAT ya asilimia 18. Bila yeye dereva angekunywa moja akalale. Vocha anayoiweka ili apatikane ina ushuru wa bidhaa, kisha VAT juu yake. Hela ya sare aliyotumiwa kwa simu imekatwa ada, na ndani ya ada hiyo kuna ushuru wa serikali. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, kutuma na kutoa, alikatwa kama mkulima na kama mbunge, na Septemba ilipopunguzwa kwa asilimia 30 baada ya kelele za wananchi, naye alipata nafuu yake. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani kabla ya kumkata. Gesti inalipia leseni ya biashara, na vitanda vyake vingi vya saa moja moja vinajazwa na yeye. Kijumlishe kiasi hicho mwenyewe. Mimi sitakuwekea tarakimu ya kubuni. Lakini ukimaliza utakuwa umeelewa kwamba Hazina inamfahamu vizuri sana mwanamke huyu, kwa jina la bia, la vocha na la muamala.

Halafu acha nafasi chini ya karatasi kwa makato yasiyo kwenye jedwali lolote. Kuna mlinzi wa mlangoni. Kuna mwenye chumba anayempandishia bei kwa kuwa anajua hana pa kulalamika. Kuna mteja anayegeuka akitaka arudishiwe hela. Na kuna mwenye rungu, awe mgambo au mwingine, anayepokea hela ya kumwachia, hasa Ijumaa, kwa sababu anayekamatwa Ijumaa anajua mahakama ni Jumatatu na mtoto yuko kwa jirani. Makato haya hayana kiwango, hayana risiti wala msamaha. Usiku mbaya mmoja unaweza kumeza bakshishi za mwezi. Ukiniuliza kodi gani ifutwe kwanza Holili, ni hii, na hakuna kifungu cha Sheria ya Kodi kinachoweza kuifuta.

Desemba njoo tena, ukiweza. Wachaga wakirudi nyumbani kwa Krismasi, kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka kila mahali penye duka, mkoa mzima unafurika fedha kwa wiki mbili tatu, na dada wa Holili wengine hupanda Himo na Moshi kufuata meza. Ndicho kipindi cha mavuno yao. Februari ukiwauliza wamepata kiasi gani kwa mwaka watakujibu kwa kukumbuka Desemba na kusahau Aprili, kama ambavyo kila mkulima wa kahawa hukumbuka mwaka mzuri. Kwa hiyo hesabu ya mwaka ifanye pamoja nao polepole, wiki kwa wiki.

Hesabu yenyewe siyo ngumu. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya makadirio. Milioni 4 ni kama shilingi 11,000 kwa siku, kila siku ya mwaka, Ramadhani na Kwaresma zikiwemo. Wako wasiofika hapo, na hao hawadaiwi kitu, bakshishi au bei. Wako wanaovuka. Anayevuka bila kufika milioni 7, na hatunzi kumbukumbu, makadirio yake ni shilingi 100,000 kwa mwaka, pungufu ya 300 kwa siku. Mwambie kiasi hicho uso kwa uso, na usishangae akikuuliza kitu kimoja tu: nitapata risiti?

Swali hilo lina akili kuliko hoja yako, Mheshimiwa, samahani. Karatasi yenye jina lake, nembo ya serikali na kiasi alicholipa ni kitu cha kuweka mezani kwa mwenye nyumba, kwa mkopeshaji, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye rungu. Watanzania wanalijua hili kwa uzoefu. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, machinga wengi walivitafuta kwa sababu ukiwa nacho hufukuzwi, bidhaa zako hazimwagwi. Walikuwa wakinunua kusimama kwa amani mahali wanapofanyia kazi. Dada wa mpakani angenunua amani hiyo kwa bei hiyo mara mbili.

Lakini jaribu kumsindikiza akachukue namba ya mlipakodi. Fomu itamuuliza aina ya biashara. Ataandika nguo za mitumba, saluni, mama lishe. Na mara nyingi hatakuwa amesema uongo mtupu: wengi wanauza kitu mchana, wanavuka Taveta siku za gulio Jumatano na Jumamosi, wanarudi na furushi. Ila kazi iliyomlipia furushi hilo haina mstari kwenye fomu. Raia anapokutana na serikali yake kwa mara ya kwanza kama mlipakodi, jambo la kwanza tunalomfundisha ni kuficha. Hilo linaniuma kuliko hasara ya mapato.

Hawezi kuandika ukweli kwa sababu ya kitabu kingine. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 176 kinamweka kahaba anayezurura au kushawishi wateja hadharani pamoja na watu wazembe na wasumbufu. Kifungu cha 145 kinamtia hatiani mwanamume yeyote anayeishi, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwa kipato cha ukahaba huku akijua. Lengo la kifungu hiki linaeleweka; makuwadi wapo na wanastahili mkono wa sheria. Lakini kisome kwa sauti ukiwa na picha ya familia ya Rombo kichwani. Baba mzee aliyeezekewa nyumba. Kaka aliyelipiwa ada ya VETA. Mtoto wa kiume aliyefikisha miaka 20 na bado anakula kwa mama. Wakijua hela imetoka wapi, maneno ya kifungu yanawagusa. Kwa hiyo hawaulizi, naye hasemi, na siku akiumizwa mpakani nyumbani wanaletewa habari ya ajali ya bodaboda.

Mwingereza mmoja, Lindi St Claire, aliwahi kuigeuza hoja hii dhidi ya mamlaka ya mapato ya nchi yake: mkichukua kodi kutoka kwenye kazi yangu, alisema, nanyi mnaishi kwa kipato cha ukahaba. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaamua kwamba kazi yake ni biashara na kodi alipe. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo, inapoeleza maana ya biashara, haikuweka sharti kwamba lazima iwe kazi inayokubalika. Wamarekani walilijua hilo zamani: jambazi Al Capone alipatikana na hatia mwaka 1931 kwa kukwepa kodi ya fedha ambazo hakutakiwa kuwa nazo kabisa. Kwa upande wa kudai, sheria za kodi hazina aibu. Aibu huanza kwenye upande wa kutoa: msamaha, hifadhi, mkopo, ulinzi.

Ukitaka kuona kudai kunavyoweza kufika mbali, tazama mji wa Bonn, Ujerumani. Mwaka 2011 waliweka mashine kando ya barabara, ya aina ile ya kulipia maegesho, ili mwanamke anayesubiri wateja atumbukize euro 6 kwa usiku na kubaki na tiketi yake. Wengine waliona ni dhihaka. Mimi naona walau tiketi. Ubelgiji walikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2024 sheria yao inaruhusu mkataba wa ajira katika kazi hii, wenye likizo ya ugonjwa, ya uzazi na pensheni, na haki ya kumkataa mteja. Mwanamke mwenye mkataba kama huo akisikia habari za msamaha wa bakshishi anaweza kuupima kwa utulivu, kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Wala usiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, wanawake walikwenda Nairobi tangu mji ule ulipokuwa kambi ya reli, wakafanya kazi hii, wakajenga nyumba Pangani na baadaye Pumwani. Mwanahistoria Luise White aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1990 baada ya kuzungumza nao wakiwa wazee. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikitoza kodi ya kibanda kwa kila kibanda, na wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye vibanda katika mitaa ile. Hawakupendwa na mkuu wa mji. Lakini walijulikana kwa majina, walikuwa na milango yao, walipangisha wanaume. Nyumba ndiyo iliyowapa heshima ya kugombana na serikali wakiwa wamesimama. Wa Holili wa leo analala kwenye chumba cha kulipia kwa usiku.

Hatua ya karibu na mwisho ni ya ofisini, na haina ugumu. Nenda halmashauri ya Rombo, uliza habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Uliza kikundi cha wanawake wa mpakani kinachotaka kununua friji la kuuzia samaki kinaweza kupata bila kuchunguzwa usiku wa kila mwanachama. Usiondoke mpaka ujibiwe, na jibu liandikwe. Wanawake wanaotaka kuiacha kazi hii wanahitaji mtaji. Wanaoendelea nayo wanahitaji akiba. Wote wawili wanahitaji kuonekana kwenye daftari la halmashauri wakiwa watu wazima wenye akili zao.

Basi rudi Dodoma. Kabla ya muswada wa fedha wa Juni, kama bado unataka kusamehe bakshishi, samehe; mgumu wa Marangu atakushukuru kwa kuandikiwa kile anachokipata kwa mazoea. Weka kikomo, usiweke orodha ya kazi. Kila orodha ina mtu wa kuachwa nje, na safari hii unamjua kwa sura. Lakini muswada wa pili uuandike kwa mkono wako. Ondoa kwenye kifungu cha 176 maneno yanayomfanya mwanamke kuwa kosa kwa kusimama barabarani. Kikate kifungu cha 145 kibaki na kuwadi na mlazimishaji, kiwatoe baba, kaka na mtoto. Kisha ongeza kifungu kifupi kwa ajili ya Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi: kwamba atakayefika pale kueleza kuwa ameibiwa, amepigwa au amebakwa, ataandikiwa taarifa yake na kupewa fomu ya kwenda hospitali, na hakuna askari atakayeruhusiwa kutumia jibu la swali "ulikuwa unafanya nini gesti saa hizo" kumfungulia yeye shitaka.